Buluu ya Moto wa Gesi

Sufu haipimwi kwa vidole.
Vidole vya mlima viazi vimekuwa gome,
havijui tena laini ni nini.
Sufu hupimwa shingoni, chini ya sikio,
pale mtoto anapolalia.

Ndiyo maana nimesimama dukani kwa Belarmino, mjini Castro,
kola wazi, donge la uzi shingoni
kama mtu anayesikiliza simu,
na mvua ya Chiloé inanidondoka kutoka kwenye koti
hadi kwenye sakafu aliyotoka kuipiga deki.

Si kwamba nyumbani nimekosa.
Nina kondoo kumi na mmoja na gurudumu la kusokotea la marehemu mama,
nina vicha vya uzi juu ya jiko la kuni
vinanuka moshi na jasho la mnyama:
kijivu cha kondoo mzee,
manjano ya majani niliyoyachemsha nikayasahau,
kahawia ya magome,
na rangi moja ya waridi, hafifu,
niliyoipata kwa bahati mwaka wa mafuriko
na sijaweza kuirudia.
Kisiwa kinanipa kila rangi
ila ile ninayoitaka.

Naitaka buluu.
Si ya bahari; bahari yetu ina rangi ya bati.
Si ya mbingu; mbingu tunaiona kwa zamu.
Ile buluu ya moto wa gesi
unapowashwa alfajiri, kabla haujatulia,
inayosema puu!
ikazunguka chini ya sufuria kama sketi.

Binti yangu Yanira atajifungua mwezi wa nane
kule Punta Arenas, kwenye upepo unaoangusha watu.
Amenipigia: Mama, usitume sufu ya nyumbani,
inawasha.
Inawasha!
Yeye aliyekulia ndani yake kama kiazi udongoni,
miaka minane akienda shule na sweta inayonuka zizi,
hakujikuna hata siku moja mbele yangu.
Labda alijikuna njiani.
Sikuwa njiani.

Belarmino anamwaga madonge juu ya kaunta.
Hii pamba. Hii ya alpaka, yatoka kaskazini, bei usiulize.
Nikauliza.
Kwa bei hiyo ningemnunua alpaka mwenyewe
nikampa na chumba.
Hii ya kiwandani: haiwashi, haichuji, yafuliwa kwa mashine.
"Haina hata kondoo mmoja ndani yake," namwambia.
"Ndiyo sifa yake," ananijibu.

Taa ya dukani ni mwongo wa kuzaliwa.
Nabeba madonge matatu hadi mlangoni, niyaulize mchana.
La kwanza linageuka urujuani.
La pili ni sare ya polisi.
La tatu
linasema puu.

Mchagua jembe si mkulima, husema watu.
Basi mimi si mfumaji: nachagua tangu saa nne,
basi la saa saba limeniacha,
na sasa Belarmino anapanda ngazi, anapekua masanduku,
anashuka na vumbi kwenye nyusi.
Ni hilo moja tu. Kiwanda kimeacha kuitia rangi hiyo.

Donge moja halifumi blanketi.
Halifumi hata mgongo wa kisweta.
Nimelilipa, nimelitia kifuani, nimesubiri basi la saa kumi
katikati ya magunia ya vitunguu saumu,
na kila mara nalichungulia
kama aliyeiba kifaranga.

Usiku huu sindano zimebeba vitanzi sitini na vinne.
Kijivu cha kondoo mzee ndicho kitakachobeba mwili;
nimefumua mara mbili.
Donge la buluu liko mezani, sijalikata utepe.

Kesho nitampigia Yanira.
Sitamuuliza habari za tumbo, wala za upepo.
Nitamuuliza, njiani, alipokuwa hayuko mbele yangu,
alijikuna wapi,
shingoni au viwikoni,
nijue buluu niiweke wapi.